Pande Mbili za Mji: Kutoka Marini na Arinoti Hadi Simba na Yanga



Kila inapokaribia siku ya Simba na Yanga, hapa kwetu Kariakoo wazee hukaa barazani wakasema, "Vijana wa siku hizi wameharibika. Zamani hatukuwa hivi." Mimi ni mwalimu wa chuo, umri wangu umeshapita sitini, na nimezaliwa na kukulia katika mitaa hii hii. Kwa adabu zote napenda kuwaambia wazee wenzangu kuwa neno hilo si kweli. Sisi tulikuwa hivi hivi, na baba zetu vilevile, na babu zetu. Mji kugawanyika pande mbili kwa ajili ya mchezo ni jambo la kale katika pwani yetu, na kutaka liondoke kabisa ni sawa na kutaka bahari iache kujaa na kupwa.

Linalofaa kuulizwa ni jingine. Makundi mawili yanapogombana, yule mtu mmoja aliye ndani ya kundi, awe mpiga ngoma, au mwimbaji, au mcheza mpira, au mwanachama aliyelipa ada yake tu, ana uwezo gani juu ya ugomvi ule? Wengi husema hana uwezo wowote. Mambo ni ya wakubwa, na yeye hufuata mkumbo. Nimetaka leo tuifungue taarikh ya mji wetu wa Dar es Salaam tuone inasemaje, kwani mimi naiona inasema kinyume cha hayo.

BENI ILIVYOINGIA MJINI

Miji ya Waswahili tangu zamani ilikuwa na pande zake. Lamu kulikuwa na Mkomani na Langoni. Mombasa kulikuwa na Tisa Taifa na Tatu Taifa. Watu wa pande hizo walishindana kwa mashairi, kwa ngoma na kwa karamu. Basi katika miaka ya 1890 ikazuka huko Mombasa ngoma mpya iliyoitwa beni. Jina lake limetokana na bendi, kwa kuwa wachezaji wake waliiga bendi za askari wa Kizungu: matarumbeta, ngoma kubwa, gwaride, sare na vyeo. Kundi moja lilijiita Kingi, na wenzao wakajiita Skochi, kwa jina la askari wa Uskoti. Hapo tena ushindani ukapata nguo mpya, lakini mwili wake ulikuwa ule ule wa kale.

Ilipokuja vita kuu ya kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, beni ikasafiri na askari na wapagazi wa pande zote mbili. Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, na mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamepatayarisha pawe soko pakafanywa kambi ya wapagazi wa jeshi. Kikosi cha wapagazi wale kwa Kiingereza kiliitwa Kariakoo, kwa matamshi yetu, na jina likabaki mpaka leo. Kila tuitajapo Kariakoo tunawataja, bila kujua, watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao, na makumi ya maelfu katika wao hawakurudi makwao.

Baada ya vita, vyama viwili vya beni vikashika mji: Marini na Arinoti. Marini ni jina la askari wa baharini. Kwa kawaida Marini walikuwa watu wa kujipamba, makarani na wenye kazi za kalamu, na Arinoti walikuwa zaidi vibarua na watu waliokuja mjini kutafuta riziki. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake na madaktari wake, vyote vyeo vya mchezo, na matawi yao yalienea kutoka pwani mpaka miji ya bara. Maofisa wa Kiingereza walipoona watu weusi wanavaa sare, wanapeana vyeo na kuandikiana barua kutoka mji hadi mji, waliingiwa na shaka wakafanya uchunguzi, wakidhani huenda kuna njama dhidi ya serikali. Walichokikuta ni ngoma, na watu wanaosaidiana.

Hapa sitaki kuingia katika hukumu ya ngoma. Masheikh wetu wamelisema hilo kwa urefu na kila mtu anazo khabari zake. Ninachotaka tukitazame ni kisanduku cha chama. Michango ya wanachama iliingia katika kisanduku kimoja, lakini ilitoka kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa wa kushindana: sare mpya, matarumbeta, na karamu za kuwaaibisha wenzao. Katika miji ya pwani karamu za namna hiyo zilifika mahali watu wakaingia katika madeni, ili tu isemwe upande fulani umechinja ng'ombe wengi kuliko wenzao. Mlango wa pili ulikuwa wa kheri: kumzika maiti asiye na jamaa mjini, kumwuguza mgonjwa, na kumpokea mgeni aliyeshuka kutoka bara hamjui mtu.

Chama ni kile kile, fedha ni ile ile, na watu ni wale wale. Nani aliyeamua leo ufunguliwe mlango upi? Si Gavana, wala si yule mfalme wa mchezo peke yake, maana mfalme wa mchezo hana askari wa kumlazimisha mtu. Walioamua ni wanachama, kwa kutoa au kuzuia senti zao, na kwa kuitika au kunyamaza.

MZEE WA TARUMBETA

Mtaani petu alikuwako mzee mmoja ambaye ujanani mwake alipiga tarumbeta katika Arinoti. Nilipomfahamu mimi, meno yalikuwa yamekwisha na tarumbeta lenyewe lilikuwa limebaki shaba iliyobonyea juu ya kabati. Sisi watoto tukimwuliza, "Babu, kwa nini mlikuwa mnapigana na Marini?" Yeye akijibu, "Tarumbeta halijipigi. Kila siku tuliyopigana, alikuwako mtu mmoja aliyeanza kupiga ule wimbo wa matusi, na walikuwako kumi walioitikia. Na siku ambazo hatukupigana, alikuwako mtu aliyekataa kuitikia. Huyo hakuna aliyemtunga wimbo."

Nilipokuwa mkubwa nikasoma hadithi moja ya Mtume wetu (S.A.W.), nikakumbuka maneno ya mzee yule. Katika safari moja ya vita, mtu mmoja katika Muhajirina alimpiga teke mtu wa Ansari. Yule aliyepigwa akawaita Ansari wenziwe, na yule aliyepiga akawaita Muhajirina wenziwe, na ikawa karibu waumini wachinjane. Mtume (S.A.W.) alipousikia wito ule aliukemea kuwa ni wito wa kijahiliya, akaamuru uachwe kwa kuwa ni kitu kinachonuka.

Tazameni jambo hili kwa makini. Majina ya Muhajirina na Ansari si majina mabaya. Ni majina matukufu, na yametajwa katika Qur'ani kwa sifa. Mtume hakuyafuta majina hayo wala hakuyavunja makundi. Alichokikataa ni mtu kuchukua ugomvi wake mwenyewe, wa teke moja, akauita kwa jina la kundi zima. Ugomvi ulikuwa wa watu wawili, na ulimi wa mmoja na ulimi wa mwingine ndio uliotaka kuufanya wa maelfu.

WANAWAKE WA NGOMA MWAKA 1955

Mtu anaweza kusema, "Sheikh, hiyo ni kuzuia shari tu. Je, mwanachama wa kawaida anaweza kuigeuza njia ya makundi yaelekee kwenye jambo la kheri?" Naam, na mfano wake uko hapa hapa mjini.

Beni ilipofifia, vikundi vya ngoma na taarabu havikufa. Wanawake wa Dar es Salaam walikuwa na vikundi vyao, kila kimoja na nyimbo zake na sare zake, vikishindana kama ilivyo ada. Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, na mwanzoni wanawake ndani yake walikuwa kama hawapo. Mwaka 1955 akatokea Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Kiislamu aliyezaliwa mjini humu mwaka 1926, naye alikuwa mwimbaji mashuhuri wa ngoma. Hakuanza kwa kuandika barua wala kwa kuita mkutano wa watu asiowajua. Aliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma, wa kikundi chake na wa vikundi vingine, akawaomba kila mmoja awalete watu wake. Kwa muda wa miezi michache tu wanawake kwa maelfu wakakata kadi.

Kwa hakika hili ni jambo la kuzingatia. Wakoloni walikuwa wakiziona ngoma zile kuwa ni upuuzi wa wanawake, na hata baadhi ya wanaume wetu waliziona hivyo. Kumbe ndani yake mlikuwa na majina ya watu, na njia za kupelekeana khabari nyumba hadi nyumba, na mazoea ya kuchangishana. Wanawake wale hawakungoja ushindani uishe kwanza. Walizichukua zile kamba zilizokuwa zikivutana, wakazifunga kwenye mzigo mmoja. Mjini mwetu uhuru wa mwaka 1961 ulisukumwa pia na mikono iliyozoea kupiga makofi ya ngoma.

MPIRA WACHUKUA NAFASI YA NGOMA

Sasa turudi nyuma kidogo. Katika miaka ya 1930, ambapo beni ilikuwa ikipoteza nguvu, vijana wa mji walikuwa wameshapata mchezo mwingine. Klabu ya Young Africans, tuiitayo Yanga, ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata, 1936, ikaanzishwa klabu ya pili, na wazee wanasimulia kuwa walioianzisha walikuwa watu waliotoka katika ile ya kwanza baada ya kukhitilafiana. Klabu hiyo ilijulikana kwa majina ya Queens, kisha Eagles, kisha Sunderland, na mwaka 1971 ikachukua jina la Simba. Yanga makao yao ni mtaa wa Twiga na Jangwani, na Simba wako mtaa wa Msimbazi. Mtu akitembea kwa miguu anatoka huku na kufika kule kabla hajatoka jasho. Kwa hiyo hawa wanaoitwa mahasimu ni ndugu wa nyumba moja waliogawana vyumba.

Waliogawanyika mara moja wanaweza kugawanyika tena. Mwaka 1975 Yanga waliifunga Simba mabao 2 kwa 0 huko Unguja, wakatwaa kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo ukazuka mgogoro ndani ya Yanga yenyewe. Upande mmoja ukaitwa Raizoni, kwa jina la viatu virefu vya vijana wa wakati ule, na upande wa wazee ukaitwa Kandambili. Viatu vikawa bendera! Mwisho wake, wachezaji wengi hodari wakaondoka, na mwaka 1976 ikazaliwa klabu ya Pan African.

Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga mabao 6 kwa 0, na Abdallah Kibadeni peke yake akafunga mabao matatu. Watu wa Simba huikumbuka siku hiyo kama sikukuu. Lakini mwenye kutaka mazingatio aone kuwa nyumba ile ilianza kubomolewa na wenyewe kutoka ndani, kabla jirani hajatupa jiwe.

NILIYOYAONA NA NILIYOYAFANYA

Siku ile nami nilikuwa kijana, na nilikuwa upande ulioshinda. Nataka nisimulie jambo moja ambalo kwa miaka mingi sikulisema.

Mtaani petu walikuwako mabwana wawili waliokuwa na meza moja ya nazi na dagaa kule Shimoni, chini ya soko jipya. Mmoja alikuwa Simba na mwingine Yanga, na biashara yao ilikuwa nzuri. Usiku wa siku ile, sisi vijana tukachukua madebe, tukapita mtaa hadi mtaa tukiimba idadi ya mabao. Tulipofika mlangoni kwa yule bwana wa Yanga tukasimama makusudi, tukapiga madebe kwa muda mrefu. Yule mwenziwe wa sokoni alikuwa nyuma yetu akicheka. Hatukujua kuwa ndani mama yake mwenye nyumba alikuwa mgonjwa, au niseme kweli, baadhi yetu tulijua, na mimi nilikuwa mmoja katika hao. Mama yule alikuwa akinipa kitumbua kila nikipita kwenda chuoni nilipokuwa mdogo.

Kesho yake meza ya Shimoni ikagawanywa. Baada ya wiki kama tatu mama yule akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watu wa Yanga wakajaa msibani. Yule bwana wa Simba akabaki barazani na wenziwe, ametia kanzu lakini hanyanyuki, na wenziwe wanamwambia, "Ukienda watasema umekwenda kuomba radhi." Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, nimeinamisha kichwa.

Ndipo akatokea yule mzee wa tarumbeta na bakora yake. Hakutoa hotuba. Alisema, "Zamani Marini akifa, Arinoti walibeba. Jeneza halina sare. Nyanyuka, nishike mkono, mimi sioni vizuri." Yule bwana akanyanyuka kumshika mkono mzee, na sisi wengine tukanyanyuka nyuma yao. Tulipofika, waliokuwa wamebeba jeneza wakatupisha tushike, tukaenda nalo pamoja hadi makaburini Kisutu. Meza ya Shimoni haikurudi kuwa moja siku ile. Ilingoja mpaka Ramadhani ikaisha. Lakini salamu zilirudi jioni ile ile.

Mimi nilikwenda kumwomba radhi mwana wa marehemu baada ya khitma. Akaniambia, "Mama aliisikia sauti yako, akasema, yule ni mwanangu wa kitumbua, leo amefurahi." Tangu siku ile sijaweza kuona ushindi wa mpira kuwa ni jambo dogo lisilo na hesabu.

MATUMIZI YAKE LEO

Leo mambo yamekuwa makubwa zaidi. Simba na Yanga hukutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi za watu 60,000, na maneno hayangoji tena baraza, hupita katika simu za mkononi. Mchezo wao wa tarehe 8 Machi 2025 uliahirishwa siku ile ile, baada ya mzozo wa Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani jioni ya kuamkia mchezo, na ukaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Mpira ulikuwa haujaguswa na mguu wa mtu, na mji mzima tayari ulikuwa ukigombana.

Basi mwenye kupenda klabu, aipende. Lakini ajue kuwa anavyo vitu vitatu ambavyo hakuna kiongozi anayeweza kuvitumia bila idhini yake.

Cha kwanza ni ulimi wake. Ukigombana na jirani kwa ajili ya maji au mpaka wa ua, usiuite ugomvi huo kwa jina la Simba wala la Yanga. Na ukiletewa neno la matusi katika simu, lifie kwako. Asiyeitikia ndiye anayeuzima wimbo.

Cha pili ni mkono wake. Mchango wako utauliziwa ulikotoka na ulikokwenda. Fedha ya kuweka dau juu ya mchezo ni kamari, na hukumu yake inajulikana. Fedha ya kumdhalilisha mwenzio kwa karamu ni hasara. Lakini tawi la washabiki likiwa na kisanduku cha kumzika mwanachama na kumwuguza mgonjwa, hapo watu watakuwa wamefungua ule mlango wa kheri waliouacha babu zao.

Cha tatu ni mguu wake. Uwe wa kwanza kuvuka barabara kwenda kwa mwenzio wa upande wa pili siku ya msiba, ya ugonjwa na ya harusi. Sura ya Hujurati inatufundisha kusuluhisha makundi mawili ya waumini yanapogombana, na suluhu haiendi kwa miguu yake yenyewe. Inahitaji mtu wa kunyanyuka barazani.

Wanafunzi wangu chuoni hunijia na fulana nyekundu na za kijani chini ya kanzu zao. Siwakatazi. Lakini asubuhi baada ya mchezo, huwaambia walioshinda wao ndio wawaanze kwa salamu walioshindwa. Mara ya kwanza walicheka. Siku hizi wanafanya bila kuambiwa.

Mwenyezi Mungu aziunganishe nyoyo zetu kama alivyoziunganisha nyoyo za Ausi na Khazraji waliopigana miaka mingi, atusamehe tuliyoyafanya ujanani kwa kujua na kwa kutojua, na awarehemu wazee wetu waliotushika mkono tulipokuwa sisi ndio hatuoni.

Wabillahi tawfiq.